Kurasa Kumi na Moja za Maji ya Chini

Katika daftari langu la ziwa kuna kurasa kumi na moja zenye makosa, na nimekataa kuzichana. Niliombwa kwa upole, nikaambiwa kwa ukali, mwisho nikanyang'anywa vifaa. Kurasa bado zipo. Kila mmoja nimeupiga mstari mwekundu kutoka pembe hadi pembe, lakini tarakimu zilizo chini ya mstari zinasomeka vizuri, na nilikusudia zisomeke. Anayeshangaa kwa nini mtu mzima anang'ang'ania makosa yake mwenyewe, anisikilize kwanza.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, si mtu wa ziwa. Nimezaliwa Mazwi, mjini Sumbawanga, juu kwenye baridi, ambako mwezi wa sita unalala na sweta na asubuhi unaizunguka ndoo ya maji ya kuoga mara tatu kabla ya kuigusa. Nilipopangiwa kufundisha Wampembe, ndugu zangu walinipa pole kama nimefiwa. Gari lilipomaliza kuteremka kutoka uwandani hadi ziwani nilikuwa nimeshavua sweta na khanga ya mabegani, na bado jasho linanitiririka. Wenyeji nao wakanipokea na utani wao uleule ambao kila mtu wa kwetu anaujua: huyu katoka Sumbawanga, msimuudhi, atawatupia radi. Niliwajibu kwamba radi zangu zina ratiba, zinapiga Jumatatu hadi Ijumaa na hazifanyi kazi sikukuu. Nikaachwa.

Mwaka wangu wa pili pale, alikuja shuleni mratibu wa mradi mmoja wa kupima ziwa. Alikuwa anatafuta mtu wa kupima maji mara moja kwa wiki, mtu anayejua kusoma kipimajoto na asiyechoka. Mkuu wa shule akanisukumia mimi. Nilipewa sahani nyeupe ya chuma yenye kitundu katikati, kamba ndefu yenye fundo kila mita moja, kipimajoto ndani ya bomba jembamba lenye matundu, na daftari gumu lenye safu zilizochorwa tayari, ukurasa mmoja kwa kila wiki.

Sahani ni ya kupima mwanga. Unaishusha saa sita mchana, jua likiwa utosini, upande wa mtumbwi wenye kivuli ili mng'ao usikudanganye. Unaiangalia inavyozama. Inaanza nyeupe, inakuwa ya kijani, inafifia, halafu huioni tena. Hapo unahesabu mafundo na kuandika. Mwanga wenyewe unaendelea kushuka, lakini jicho lako limeshindwa, na kushindwa huko ndiko kipimo.

Watu wengi hudhani maji unayoweza kuona mbali ndani yake ndiyo maji mazuri. Mimi pia nilidhani hivyo. Mratibu alinieleza, na hapo sina ugomvi naye, kwamba ziwa letu limepangika kama zilivyopangika bahari za nchi za joto. Juu kuna maji ya moto, mepesi, yenye mwanga wote. Chini kuna maji ya baridi, mazito, yenye giza na mbolea yote. Mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo dagaa wanaishi kwayo, inataka mwanga wa juu na mbolea ya chini, lakini maji ya moto yamelala juu ya yale ya baridi na hayataki kuchanganyika. Kinachoyalazimisha ni upepo. Kiangazi upepo wa kusini unasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na huku kwetu kusini yale ya baridi yanapanda kujaza nafasi. Siku hizo sahani inapotea mapema, maji yana ukijani, na mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki, hakukaliki kwa harufu. Upepo ukikata, ziwa linajifunika tena. Maji yanakuwa safi, mazuri kwa macho, na yana njaa.

Hayo niliyaona mwenyewe, Jumatano baada ya Jumatano, na niliyapenda kuliko nilivyotarajia. Ngozi iliniungua, darasani nilikuwa nafika na chumvi ya jasho kwenye nyusi, lakini sikukosa wiki hata moja ya shule.

Aliyenipeleka majini ni mzee mwenye mtumbwi, mvuvi wa mshipi tangu ujana wake. Hakuwahi kukaa darasani, na hilo alikuwa analisema mwenyewe bila kuona haya. Yeye naye alikuwa na kipimo chake. Lilikuwa jiwe jeusi la mviringo, kubwa kidogo kuliko ngumi, lenye mfereji kiunoni wa kufungia mshipi. Alilirithi kwa baba yake. Kabla ya kutega ndoano alilishusha, akaliacha huko chini muda wa kuvuta sigara moja, kisha akalipandisha haraka, mkono juu ya mkono, na kulibana shavuni chini ya sikio. Alikuwa anatafuta mahali ambapo joto la juu linaishia na baridi inaanzia, maana samaki wakubwa anaowataka wanakaa mpakani hapo. Wavuvi wenzake walimsikiliza. Kwenye kamati ya mwalo, yeye ndiye aliyekuwa anaulizwa wiki hii tushushe mishipi pima ngapi.

Mimi namna yangu ilikuwa rahisi zaidi. Nilifunga kipimajoto kwenye kamba, nikakishusha mita sitini, nikangoja, nikakivuta juu, nikasoma. Miezi ya upepo kilisoma karibu sawa na maji ya juu, na mratibu alifurahi, kwa sababu miezi hiyo maji yamechanganyika kweli. Mwezi wa kumi upepo ukakata. Maji ya juu yakaanza kupata joto. Cha ajabu, kipimo changu cha chini nacho kikapanda sambamba, wiki kwa wiki, kama vile ziwa zima limewekwa jikoni.

Mzee hakukubali. Alilivuta jiwe lake, akalibana shavuni, akanitazama.

"Mwalimu," alisema, "jiwe linatoka na baridi."

Nilimwambia, na naona aibu kuliandika, kwamba shavu la mtu halina namba. Nilimweleza kwa sauti ileile ninayoitumia kwa mwanafunzi aliyeandika jibu bila kuonyesha njia. Yeye akachukua kasia.

Mwezi wa kumi na moja mratibu aliitisha mkutano wa wavuvi pale mwaloni. Alikuja na karatasi zenye mchoro wa mistari uliotokana na daftari langu. Akawaeleza kwamba joto limeshuka hadi mita sitini, baridi iko mbali ambako mishipi yao haifiki, kwa hiyo wanaotega kina kile wanapoteza muda. Mzee akasimama, jiwe mkononi, akasema maji ya chini ni baridi kama miaka yote. Mratibu hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi, akaniuliza mbele ya watu wote, kwa kuwa mimi ndiye mpimaji, tuamini jiwe au kipimajoto.

Nikasema kipimajoto.

Watu walicheka, na si kicheko cha ubaya sana, lakini kilitosha. Tangu siku ile vijana wa mwaloni wakamwita Mzee Jiwe. Kamati ikaacha kumuuliza pima ngapi, ikamweka mtu mwingine. Kila Jumatano aliendelea kunipeleka, kwa sababu alikuwa ameahidi, ila jiwe hakulibeba tena na maneno yalimwisha. Nami nilijifanya sioni.

Mwezi wa kumi na mbili shule zikafungwa, nikapanda kwenda Mazwi kula sikukuu. Nilimkuta mama yangu uani, anapika pombe ya ulezi ya Krismasi. Sisi ni watu wa kanisa na ni watu wa ulezi, na kwetu hakuna anayeona ugomvi kati ya hayo mawili. Uji ulikuwa umeshaiva kwenye mtungi mkubwa na ulikuwa unapoozwa ili utiwe kimea. Hapo ndipo pombe inapopona au kufa. Ukitia kimea uji ukiwa wa moto mno, umekiua, na siku ya sikukuu unawapa wageni uji mchungu.

Mama alikuwa na wageni sebuleni, akaniambia nimwangalizie uji wa chini kama umepoa. Juu uji ulikuwa umeshapoa, kwa ubaridi ule wa kwetu, lakini chini huwa unabaki na moto wake. Nikachukua kata yenye mpini mrefu, nikaizamisha hadi chini kabisa, nikaivuta taratibu nisije nikamwaga, nikajaribu kwa kiwiko. Ulikuwa wa uvuguvugu tu. Nikamwita, nikamwambia umefaa, alete kimea.

Hakuleta kimea. Aliitazama kata mkononi mwangu.

"Umenipa wa juu, unasema wa chini," alisema. "Kata imepita kote huko mdomo wazi. Itakumbukaje ilikotoka?"

Akatoa kibuyu chenye shingo ndefu, kimezibwa kwa gunzi, na gunzi limefungwa uzi. Akakifunga kwenye mwiko, akakizamisha hadi chini kikiwa kimezibwa, ndipo akavuta uzi. Mapovu yakapanda. Akakitoa, akanimiminia kwenye kiwiko. Niliruka. Alama ya kuungua ninayo mpaka leo, ndogo, upande wa ndani wa mkono wa kushoto.

Mama alikuwa anacheka, mimi sikucheka. Nilikaa juu ya gunia la kimea na sweta langu, nikaiona kamba yangu inapanda polepole kutoka mita sitini, na kipimajoto ndani ya bomba lenye matundu, wazi kila upande, kinapita kwenye maji ya moto ya juu na kubadilisha maneno njiani. Kwa mama moto uko chini, ziwani uko juu, lakini kosa ni lilelile. Nilikuwa nasoma maji ya juu na kuyaita ya chini. Jiwe ni zito, limejaa, halipoi wala halipati joto upesi, kwa hiyo lilikuwa linafika juu na baridi yake. Mimi nafundisha mambo hayo kidato cha pili. Nina mtihani wake kabatini.

Nilimwambia mama yote, pamoja na kile kicheko cha mkutanoni. Hakunipa pole. Aliniuliza tu kama yule mzee anajua. Nikasema bado. Akanifungia vibuyu viwili kwenye gazeti, akasema nikirudi nianzie kwa mzee.

Nilirudi, nikaenda kwake kabla sijafungua nyumba yangu.

"Shikamoo. Nimekuja kuomba jiwe."

"Marahaba. Jiwe lipi, lile la kuku?"

Lilikuwa limeegemezwa kwenye mlango wa banda la kuku lisifunguke. Nilimweleza nimekosea nini na nimekosea vipi, nikamweleza na ya kata na kibuyu. Nilimwomba msamaha. Hakusema amesamehe. Aliinama, akalitoa jiwe, kuku wakatoka wote, akamwita mkewe awarudishe.

Jumatano hiyo nilifanya kituko kingine. Nilikifunga kibuyu kwenye jiwe kikiwa kitupu na kimezibwa, nikidhani nitavuta uzi huko chini kama mama. Hatukufika hata nusu ya kamba. Tulisikia mtikiso mkononi, vipande vikaibuka pembeni mwa mtumbwi. Uzito wa maji ulikuwa umekiponda, na mwalimu wa fizikia hakuwa ameukumbuka. Mzee alivitazama vipande vikielea, kisha akatazama mlima.

Wiki iliyofuata kibuyu cha pili nilikijaza maji, kipimajoto kikiwa ndani, nikakiziba. Tukakishusha mita sitini na jiwe likiwa limekishika, tukakiacha saa nzima ili maji yaliyo ndani yapoe kama ya nje. Jua lilitupiga. Halafu mzee akavuta, mkono juu ya mkono, kwa kasi ambayo sikuitarajia kwa umri wake. Kibuyu kina ngozi nene, maji ya juu hayakupata nafasi ya kuyapasha ya ndani. Nikasoma. Maji ya chini yalikuwa baridi kuliko ya juu, tena kwa tofauti ambayo hata mtoto angeiona kwenye mistari ya kipimajoto. Mzee alilibana jiwe shavuni kwake, kisha bila kuniuliza akalibana shavuni kwangu. Nililia kidogo. Alijifanya anafunga mshipi.

Jioni hiyo nilinunua kalamu nyekundu. Nikapiga mstari kurasa zote kumi na moja tangu upepo ulipokata, na za kipindi cha upepo nikaziwekea alama ya kuuliza. Juu ya ukurasa wa kwanza nikaandika kwamba vipimo vya chini katika kurasa hizi ni vibaya, kosa ni la mpimaji, na jiwe la mzee lilikuwa sahihi. Nikaenda kwenye kamati ya mwalo, nikawasomea hayo nikiwa nimesimama pale pale niliposimama mwezi wa kumi na moja. Safari hii hawakucheka. Mmoja alisema mambo ya daftari hayajui, yeye atasubiri aliyeleta mchoro aje auondoe. Nikaona ana haki. Nikamwandikia mratibu.

Alikuja shuleni mwenyewe, na daftari jipya, zuri kuliko la kwanza. Tulikaa ofisi ya walimu. Alianza kwa kunisifu kwamba nina moyo wa kazi. Kisha akanieleza kwamba mchoro umeshapelekwa mbele kwa wakubwa, na kuurudisha kutaleta maswali kuhusu mradi mzima. Njia ipo, alisema. Nihamishie vipimo kwenye daftari jipya, zile kumi na moja nizichane, mahali pake nipunguze nyuzi joto kidogo kwa kukadiria, na kuanzia sasa niendelee na kibuyu changu. Hakuna atakayeumia.

Nilimuuliza na mzee je. Akauliza mzee gani.

Hapo damu ikanichemka. Watu huniambia nimwelewe, alikuwa na wakubwa wake. Ninamwelewa vizuri sana. Alitaka kosa lisiwe limetokea. Lakini lisipokuwa limetokea, basi siku ile ya mkutano mimi sikukosea, yeye hakukosea, na aliyekosea ni mtu mmoja tu aliyesimama na jiwe mkononi. Zile kurasa mbovu ndizo mashahidi pekee alionao.

"Nikizichana," nilimwambia, "atabaki mjinga peke yake. Sizichani."

Akasema basi nirudishe vifaa vya mradi. Nilivileta vyote, nikavipanga mezani, sahani, kamba, kipimajoto na bomba lake, nikamwomba avihesabu. Akauliza daftari. Nikamwambia nalo ni la mradi, kweli, ila siku hiyo sijui nimeliweka wapi. Nilikuwa nimelikalia. Walimu wenzangu wawili walikuwa pale na walijua, wakaendelea kusahihisha. Alingoja, akatazama dirishani, akaondoka. Vumbi la gari lake likaingia mpaka kwenye chai.

Sikuwahi kupata barua ya kunishukuru wala ya kunishtaki. Mchoro ule sijui uko wapi, na kama bado unatumika, unasema uongo, na ninayesema hivyo ni mimi niliyeuzalisha.

Jumatano iliyofuata nilikuwa mwaloni saa tano na nusu. Nilikuwa na sahani nyeupe ya bati niliyoitoa jikoni kwangu, nimeitoboa kwa msumari, ina ua la bluu katikati. Kipimajoto cha shule nilikuwa bado sijaruhusiwa kukitoa maabara. Nilidhani nitapima mwanga tu. Mzee alikuwa ameshaingia mtumbwini, amefunga mafundo kwenye kamba yake mwenyewe, na jiwe liko miguuni pake. Watu wa kamati walikuwa wanatuangalia kutoka kwenye vichanja vya dagaa. Mmoja wao, yule aliyesema atasubiri, akapiga kelele akiuliza leo ni pima ngapi. Mzee hakugeuka. Alimjibu kwamba asubiri apime kwanza.

Tulifika mahali petu. Nikashusha sahani upande wa kivuli. Ua la bluu lilipotea mapema, nyeupe ikaendelea, nikahesabu mafundo, nikaandika kwenye daftari lilelile nililolikalia. Kisha yeye akashusha jiwe, akaliacha, akalivuta, akalibana chini ya sikio na kufumba macho.

"Baridi," alisema.

Kwenye safu ya kifaa, ambako miezi yote nilikuwa naandika kipimajoto, nikaandika jiwe. Kwenye safu ya mpimaji, ambako nilikuwa najiandika mimi, nikamwandika yeye. Hajui kusoma, lakini alikuwa ameifuata kalamu kwa macho kutoka safu hadi safu, na aliona imeruka safu moja.

"Andika na saa," alisema.

Nikaandika: saa sita na robo.